Mwangwi si picha

Mhariri,

Miaka kumi na tisa nalinunua gazeti hili kila asubuhi na sijawahi kuwaandikia hata salamu. Jumanne mmenishinda. "Mafuta yaonekana chini ya bahari yetu", na kando yake doa jekundu ukubwa wa kiganja. Yameonwa na nani?

Meli hukokota nyaya za kilomita kadhaa, hufyatua hewa majini kwa kishindo, kisha husikiliza mwangwi; penye mwangwi mkali ndipo huchorwa doa jekundu kama lenu. Nalijua hilo kwa sababu nilikuwa baharia wa mashua ya kuwafukuza wavuvi wasizikate nyaya zile. Usiku mmoja injinia alinifunza kwa bunda la karata. Kule chini kumejaa sheli (si ile ya kutilia petroli), yaani tope lililoshindiliwa mpaka chembe zake zikalala moja juu ya nyingine kama karata. Sauti ikifuata safu hukimbia, ikizikata, huzembea. Ukipiga hesabu kama kwamba kasi ni moja pande zote, mafuta huonekana chini kuliko yalipo. Maji yakinaswa ndani ya tope, kasi yashuka tena. Na gesi kiduchu huung'arisha mwangwi karibu sawa na gesi tele! Ninyi mwaona wekundu, mwapiga tarumbeta. Kisima cha Mbawa-1, kilichochimbwa katika bahari yetu hii mwaka 2012, kilikuta gesi isiyolipa gharama. Kingine, Sunbird-1, mwaka 2014, kiligusa mafuta hasa, nacho kikazibwa kwa kuwa hayakutosha biashara. Katika ripoti yenu visima hivyo havina hata mstari.

Mimi nimeumia. Mwaka huo wa 2012 dalali alinikuta Kibokoni nikinywa kahawa, akakunjua ukurasa wa gazeti moja, kidole juu ya doa kama lenu. "Mzee, kiwanja hapo leo, kesho utakuja kunitafuta." Nikatoa laki moja na nusu. Ukurasa ninao bado, una duara la kikombe changu. Kiwanja sijakiona, na kumtafuta kweli nimemtafuta.

Halafu ile ratiba ya maji kujaa na kupwa mmeiondoa kwa nini? Ilikuwa pembeni ukurasa wa mwisho, haili nafasi, na ndiyo habari ya bahari pekee mliyokuwa mkiipatia. Sasa mahali pake pana tangazo la magodoro.

Basi kila doa jekundu liandikwe chini yake MWANGWI, herufi kubwa sawa na za kichwa cha habari. Mwandishi wenu naye aje barazani kwangu baada ya alasiri. Karata ninazo, ila imepotea mzungu wa nne.

Baharia mstaafu,
Kibokoni, Mombasa