Risala ya Klabu ya Saikolojia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi. Karibu sana.

Klabu yetu inajifunza saikolojia ya utambuzi, yaani namna akili inavyopokea habari, inavyokumbuka na inavyoamua. Asubuhi, ulipopita kwenye meza yetu, ulikuta neno NYEKUNDU limeandikwa kwa wino wa bluu. Tulikuomba utaje rangi ya wino. Ukasita, nusura useme nyekundu, ukacheka. Usijali, Mheshimiwa, hata Mkuu wa Shule alinaswa. Jaribio la namna hiyo lilichapishwa mwaka 1935 na Mmarekani John Ridley Stroop. Kwa aliyezoea kusoma, neno halingoji ruhusa. Linaingia kichwani kabla rangi haijapata jina.

Kilichotugusa zaidi, hata hivyo, ni kumbukumbu, maana ndiyo inayotuvusha au kutukwamisha kwenye mtihani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: mtu husahau kwa kasi sana saa za mwanzo, kisha kasi hiyo hupungua. Sisi tunaokesha na madesa tuliipokea habari hiyo kwa huzuni.

Dawa ipo, tena haina gharama. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kusoma. Wengine waliviweka kando wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 42 hivi, waliojipima asilimia 56. Ndiyo maana mtu aliyepitia notisi mara nne hujiona ameiva. Macho yamezizoea kurasa, lakini kichwa hakijawahi kuombwa kutoa kitu.

Tumeanza kuitumia njia hiyo kwenye prepo. Tunafunika daftari, tunaandika, ndipo tunafunua na kujisahihisha. Inachosha kuliko kusoma tu, na baadhi ya wenzetu wametukimbia. Hatuwalaumu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maktaba yetu haina kitabu hata kimoja cha saikolojia. Tunaomba utushike mkono kwa hilo. Ombi la pili halihitaji fedha. Tunaomba utusemee kwa walimu wetu wapendwa, ili dakika 5 za mwanzo wa kipindi ziwe za kuulizwa somo la wiki iliyopita, bila alama wala fimbo. Tukikosea tukasahihishwa papo hapo, bado tunafaidika. Anayewaza kiboko ameshatumia kwenye hofu sehemu ya akili aliyoihitaji kutafutia jibu.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Saikolojia