Barua kwa mdogo wangu: wale watu uliowaulizia msibani

Mdogo wangu,

Siku ile ya kuanua matanga Mbinga uliniuliza swali nikalikwepa. Ulikuwa unasugua sufuria, ukanionyesha kwa kidevu yule kijana aliyekalia ndoo, suruali bado ina udongo wa kaburini, ukasema: "Kaka, yule ni shemeji wa nani?" Nikakujibu ni mtu wa jumuiya. Ukaitikia "aha", lakini niliona hukuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kueleza. Leo ninazo.

Yule ni dereva wa bodaboda huku kwetu Mbagala. Yule mama mwenye kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyebishana na shangazi kuhusu chumvi ya maharage, ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, sisi Wakatoliki majirani tunaosali pamoja kila Jumamosi, kwa zamu, nyumbani kwa mmoja wetu. Mmoja Mkurya wa Tarime, mwingine Mluguru. Walipanda basi nami alfajiri, karibu kilomita 1,000, Kitonga, Makambako, Njombe, Songea, mpaka kwetu, kumzika mama yetu, mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona hata kwenye picha.

Unajua nilivyokuwa nasali nilipofika Dar mwaka 2015. Misa ya kwanza, benchi la nyuma, karibu na mlango. Padre akisema tukae kwa matangazo, mimi niko nje nagombania daladala. Ndivyo unavyosali wewe sasa huko Dodoma, usinibishie, ulinisimulia mwenyewe. Sisi kijijini hatukufundishwa kuingia kanisani kama wageni. Kule ulikuwa mtoto wa fulani kabla hujabatizwa, na ukichelewa Misa mama anaambiwa kabla hujafika nyumbani. Nilidhani na Dar itaniona yenyewe. Miaka miwili haikuniona.

Aliyenitoa ni mama mwenye nyumba. Alinigongea Ijumaa jioni, nikajua ni kodi. "Wewe si Mkatoliki? Mbona jumuiya hatukuoni? Ukija kufa hapa utatupa kazi." Basi, huo ndio mwaliko niliopewa.

Na hakuwa anatania. Peleka parokiani habari ya ubatizo, ndoa au msiba, utaulizwa kwanza: jumuiya gani? Nilikuwa naliona ni swali la urasimu, kama balozi wa nyumba kumi anayedai barua ya utambulisho. Baadaye katekista wetu alitueleza kwenye semina kwamba mpango huu wa jumuiya ndogo ndogo maaskofu wa AMECEA, yaani wa ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki na Kati, waliuzungumza Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaufanya kipaumbele cha uchungaji. Parokia ilikuwa kubwa mno kwa mtu kujulikana. Halafu ikaja Sinodi ya Afrika, yaani mkutano wa maaskofu, Roma, mwaka 1994, iliyosema Kanisa ni familia ya Mungu, na mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo II akautia saini waraka wake akiwa Yaoundé, Kamerun. Maneno mazuri. Ila mimi neno "familia" lilikuwa halijaniingia hata kwa mbali siku ile ya kwanza, saa 12 na nusu asubuhi, nimesimama chini ya kamba ya kuanikia nguo ya mtu nisiyemjua, nikiambiwa mgeni ajitambulishe.

Tulisoma Injili ya Jumapili inayofuata, watu wawili wakatafakari (mmoja alitafakari mpaka jua likatupata), tukasali, tukatoa sadaka. Kisha katibu akafungua kaunta buku lenye jalada jeusi akaandika jina langu. Alilikosea. Wiki ya pili nikabebeshwa benchi. Mwezi wa nne nikachaguliwa mweka hazina, eti kwa kuwa nafanya kazi ya kompyuta.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama hakulijua. Mwaka ule mshahara ulipochelewa, nilikula hela ya mavuno, mchango wa kanisa niliokuwa nautunza. Shilingi 46,000. Nilijiambia nitazirudisha mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi ukafika mtupu. Katibu akasema, "Mweka hazina, taarifa." Nikasema ziko nyumbani. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Na nyingine sikwenda. Nikaanza kutafuta chumba Kimara.

Jumamosi ya tatu nikasikia hodi. Watu kama ishirini, na mikeka, na yule bibi wa vitumbua amekuja na kigoda chake. "Leo jumuiya iko kwako," mwenyekiti akasema. Haikuwa zamu yangu. Hawakuniuliza nilikuwa wapi. Wakatandika koridoni, kati ya majiko ya wapangaji wenzangu, wakasali kama kawaida, na ilipofika matangazo nikasema yote. Kimya. Jiko la jirani uji ukafurika, hakuna aliyeinuka kuupunguzia moto. Mzee mmoja akakohoa: "Utalipa elfu tano tano." Mwenyekiti akaongeza kwamba kaunta buku libaki kwangu, kwani nani mwingine ana mwandiko unaosomeka?

Nililipa wiki kumi, ya mwisho elfu moja. Wala hawakunifichia aibu, usidhani. Yule wa bodaboda kila Jumamosi alinitangazia mbele za watu: "Bado elfu kumi na sita!" Nilimchukia kweli. Lakini nilikuwa nakwenda. Chumba cha Kimara sikukitafuta tena.

Uliponipigia saa 8 usiku kunieleza habari ya mama, sikumwambia mtu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenisikia. Saa 11 alfajiri mwenyekiti alikuwa ameshakaa koridoni na kaunta buku lile lile, amefungua ukurasa mpya, anaandika rambirambi. Elfu tano. Elfu mbili. Bibi wa vitumbua, mia tano. Jirani yetu Mwislamu akaleta viti vyake vya plastiki, maana siku zote ndiye tunayemwazima. Nilikuwa nimekaa pembeni naangalia kalamu, na nyuma ya karatasi lile, kwa kuwa ni jepesi, maandishi ya deni langu yanaonekana kwa kinyume. Kesho yake alfajiri tukapanda basi watatu.

Sikuandikii kuisifia jumuiya. Michango haiishi, ukimaliza ujenzi inakuja mavuno, ukimaliza mavuno kuna jubilei ya padre. Umbea upo, wa kutosha. Wanaume tunahesabika kwa vidole, na wenye mageti hawafungui, wanatuma bahasha kwa dada wa kazi. Kuna mama wawili hawajasalimiana tangu ugomvi wa nyama kwenye sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa jumuiya, na wote wawili hawakosi Jumamosi hata moja, wanakaa mikeka tofauti wakiimba sauti ya kwanza pamoja. Uliniambia huwezi kukaa na watu wanaotaka kujua mambo yako. Wanataka kweli. Wangu walitaka mpaka wakayajua.

Jumamosi hii ni zamu yangu, safari hii ya haki. Nimeshaomba viti kwa jirani, na yule wa bodaboda ananiletea maziwa ya chai. Mwenyekiti naye tangu turudi Mbinga ana swali moja, ananiuliza kila tukikunja mikeka: "Yule binti wa masufuria, huko Dodoma yuko jumuiya gani?" Namkwepa kama nilivyokukwepa wewe. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Kaka yako.