Wateja wa picha, tupeni nafasi ya kupanga

Mhariri,

Kila msimu wa harusi na mahafali unapofika hapa Mombasa, malalamiko huwa yale yale: nyuso zimetoka nyeusi, kanzu inameta mpaka nakshi zake hazionekani, macho yamezama, bahari yenyewe haimo. Mteja humlaumu mpiga picha, na mpiga picha huilaumu kamera. Nionavyo, sehemu kubwa ya kasoro hizi hutengenezwa siku kadhaa kabla, pale watu wanapokubaliana bei na tarehe kwa ujumbe wa simu bila kuulizana saa, mahali, nguo, wala maji ya bahari yatakuwaje. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze mambo ambayo pande zote mbili zinapaswa kuyazungumza mapema. Mafunzo mengi ya upigaji picha yaliyoko mtandaoni yametungwa Ulaya na Marekani, na jua la huko silo hili letu.

Tuanze na jua lenyewe. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda na kushuka karibu wima, digrii 15 kila saa. Wageni husifu saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya magharibi. Hapa kwetu saa hiyo haitimii. Tangu jua linapokuwa chini kiasi cha kulainisha uso hadi linapozama ni dakika 25 hadi 40 tu, na likishachwa zimebaki dakika 20 hivi kabla ya giza. Mwaka mzima jua letu huchwa baina ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika 45. Familia ya watu kumi na wawili iliyoambiwa ifike saa kumi na mbili jioni imeshachelewa hata kabla ya kuondoka nyumbani. Mtu mmoja mwenye nguo mbili za kubadilisha aanze saa kumi na nusu, kivulini, ili mwanga mzuri umkute mwili umeshalegea na amezoea kutazama lenzi. Familia ianze na picha ya wote, wazee na watoto wakiwa bado hawajachoka, kisha igawanywe makundi madogo. Wengi hufanya kinyume chake, na picha ya wote hupigwa gizani.

Halafu kuna hili la machweo baharini. Karibu kila mteja anayetaka picha za ufuo wa Nyali au Bamburi huomba jua likizama nyuma yake ndani ya maji. Halizami huko. Fuo hizo zinatazama mashariki; jua huchomoza baharini na kuchwa nyuma ya minazi na mahoteli. Anayetaka jua juu ya bahari aje alfajiri, awe tayari ufuoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Anayetaka machweo juu ya maji asimame upande wa Nyali kando ya mkono wa bahari wa Tudor, atazame Mji wa Kale. Jua litashuka nyuma ya mji na maji yatashika rangi. Jioni ya ufuoni ina uzuri wa namna nyingine: kivuli cha minazi na majengo kikishatanda mchangani, mtu akielekezwa baharini hupokea mwanga mpana na mpole wa anga lote, bila kukunja uso. Ila asisimamishwe chini ya matawi ya mnazi yanayopitisha jua, maana vidoa vya mwanga usoni haviondoki kwa uhariri wowote wa heshima.

Na maji je? Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Maana yake ni kwamba jioni ya bamvua, saa ile ile ambayo mteja anataka kutembea mchangani na gauni refu, sehemu nyingi mchanga wenyewe umemezwa na mawimbi yanapiga ukuta. Wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi, mambo hugeuka: jioni maji yamepwa, mchanga ni mpana, lakini bahari iko mbali na nyuma yako zinaonekana mawe na mwani. Saa za kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, basi kusogeza kikao kwa siku tatu huleta ufuo tofauti kabisa. Jedwali la kupwa na kujaa la Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, litazamwe kabla ya kukubali tarehe. Wavuvi hawaendi baharini bila kujua maji, nasi pia tusiende.

Adhuhuri ni wakati mgumu, hasa mapema Machi na mapema Oktoba, jua linapokaa utosini kabisa. Paji la uso hung'aa, macho huwa mashimo, pua hutupa kivuli mdomoni. Baadhi ya vijana hudhani lenzi ya bei kubwa itatatua hili. Hesabu inakataa. Katika jua kali, kamera ikiwa kwenye ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga), mwangaza sahihi ni tundu la lenzi la f/16 kwa shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ya sekunde 1/100. Ukitaka mandhari ya nyuma ififie kwa tundu pana la f/2.8, umefungua stopu tano (kila stopu ni mwanga maradufu), basi shata iende 1/3200. Na flashi za kuondoa vivuli usoni, nyingi hukubaliana na shata hadi 1/200 au 1/250 tu. Ukizidisha hapo bila mfumo maalumu wa kasi, utepe mweusi hukata picha. Mfumo wenyewe wa kasi hula nguvu ya flashi, na flashi ndogo ya juu ya kamera haiwezi tena kushindana na jua kutoka mita tatu. Njia nafuu ni kumhamishia mtu kwenye kivuli kilicho wazi upande mmoja: baraza, upenu wa nyumba, mlango mpana. Asogee ndani hatua moja tu kutoka ukingo wa kivuli na uso uelekee nje. Akiingia hatua nne, mwanga hupungua sana na nyuma ya mpiga picha hakuna tena anga la kuangaza macho.

Kinachosumbua zaidi hapa pwani ni nguo zetu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani pana mwanga mwingi, hupunguza, na uso wa bwana harusi huzama. Buibui jeusi likijaa, kamera huongeza, na uso wa bibi hupauka. Wakisimama bega kwa bega, hakuna mpangilio wa otomatiki utakaowatendea haki wote wawili. Dawa ni kupima shavu lenyewe, upande unaopokea mwanga, kwa kipimo cha nukta moja. Ngozi ikiwa nyeusi sana, punguza stopu moja hivi kutoka kwa kile kamera inachosema, maana kamera itataka kuigeuza kijivu. Kisha washa onyo la sehemu zilizoungua: bega la kanzu likimeta kwenye skrini, usikimbilie kupunguza mwangaza wa picha nzima. Mgeuze mvaa kanzu kidogo ili bega lisitazamane na taa, au mweke mbali zaidi na taa. Aliye mita 1 kutoka kwenye taa akirudi hadi mita 1.4, mwanga unaomfikia hupungua kwa nusu. Hatua fupi kama hiyo huokoa nakshi za tarbushi na kola ambazo fundi amezishona kwa wiki nzima.

Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga wa ubavuni unaotoka kwenye chanzo kipana. Softiboksi (boksi la kitambaa linalotandaza mwanga wa taa) ya sentimita 90 ikiwekwa mita moja kutoka usoni, juu kidogo ya macho, pembe ya digrii 45, huchora shavu na taya kwa utulivu. Ile ile ikirudishwa mita tatu huwa ndogo na kali. Mng'ao kiasi ndio unaoonyesha umbo la uso, hivyo jasho lipanguswe kwa karatasi laini kwa kugusa tu, kila baada ya dakika chache, badala ya kupakwa poda mfululizo. Poda nyingi zenye zinki au titani huonekana sawa kwenye kioo lakini flashi ikiwaka uso hutoka na ukungu wa kijivu. Mpambaji aambiwe mapema kwamba flashi itatumika. Kwa mahafali, kofia yenye bapa isogezwe nyuma kidogo na taa ishushwe, la sivyo kivuli chake kitafunika macho ya mhitimu.

Rangi nazo huambukiza. Turubai la bluu linalofunika uwanja wa harusi hupaka nyuso zote bluu kutoka juu, huku taa za ukumbi zikipaka njano kutoka ubavuni. Faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, hazitibu hali hiyo, kwa kuwa uso mmoja umebeba rangi mbili. Mtoe mteja nje ya turubai au zima taa za ukumbi. Kuta za Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, zina wekundu wa udongo. Mtu akisimama karibu na ukuta unaopigwa na jua, shavu lake hupata joto zuri, lakini ukiongeza riflekta (ubao wa kurudisha mwanga) ya dhahabu hapo anageuka chungwa. Tumia nyeupe. Kuta za chokaa za Mji wa Kale ni riflekta tosha, bora uangalie ule ukuta ulio mbele ya mteja kuliko ulio nyuma yake, maana huo wa mbele ndio unaomwangaza.

Mji wa Kale ni makazi ya watu, jambo ambalo wageni na hata sisi wenyewe hulisahau. Mlango wa nakshi una mwenyewe: bisha hodi, salimu, omba, kisha weka kamera mbali na dirisha. Vichochoro ni vyembamba, pikipiki na tuktuk hupita. Staendi ya taa ikae ukutani na msaidizi aishike. Ijumaa adhuhuri usipange chochote karibu na misikiti. Ndani ya Fort Jesus, picha za kibiashara zinahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa, na idhini haiombwi getini huku bibi harusi akisubiri garini.

Vifaa navyo vina tabia zake kwenye unyevu wetu. Kamera iliyolala chumba chenye baridi ya mashine ikitolewa ghafla nje, lenzi hufunga ukungu na kuifuta hakusaidii, hurudi. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, iachwe humo dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Baada ya ufuoni, ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha kikavu. Kitambaa kikavu peke yake husugua chumvi kwenye kioo. Kusi likivuma Juni hadi Agosti, mwavuli wa taa ufuoni ni tanga. Uzito wa kilo 5 hadi 10 kwenye staendi, au uachane na mwavuli utumie riflekta mkononi. Betri za flashi zichajiwe usiku, maana stima ya ukumbini si ya kutegemea.

Kwa hayo yote, kila kikao kinahitaji mahali pa pili panapofikika kwa dakika tano, na pa tatu penye paa na dirisha kubwa, hasa Aprili hadi Juni wakati wa masika. Dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, pazia jepesi, mtu mita moja kutoka hapo, kitambaa cheupe upande wa giza: picha za namna hii mara nyingi hushinda zile za ufuoni zilizokuwa zimekusudiwa. Mpiga picha autembelee ukumbi saa ile ile ya kikao siku moja kabla, na gharama ya safari hiyo iwe kwenye bei. Mteja anayeipinga gharama hiyo anaondoa sehemu ya kazi inayomfaa kuliko zote.

La mwisho ni la stara. Wateja wengi wa hapa ni wanawake wasiotaka picha zao bila hijabu zionwe na wanaume, na wako sahihi kuuliza maswali makali: nani atapiga, nani atasaidia kushika taa, nani atahariri, duka gani litachapisha, faili zitafutwa lini. Akipiga mwanamke na kuhariri akahariri mwanamume, ahadi imevunjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 pia inahusika; mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kubandika picha ya mteja kwenye mtandao wa studio kama tangazo kunahitaji ridhaa yake. Ukurasa mmoja wa makubaliano unatosha: tarehe na saa, mahali pa kwanza na pa akiba, idadi ya picha, majina ya watakaoziona, ruhusa ya kutangaza au kutotangaza, na siku ya kufuta nakala, pande mbili zikitia sahihi kabla ya malipo ya kwanza.

Mpiga picha,
Mombasa