Jina la Praiveti Chitete liandikwe Dar, na liandikwe likadumu

Mhariri,

Praiveti Chancy Chitete wa jeshi la Malawi, mlinda amani wa Umoja wa Mataifa, aliuawa Novemba 14, 2018 karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Aliyelala pale amejeruhiwa, hawezi kusogea, alikuwa mwanajeshi Mtanzania. Chitete alimburuta kumtoa kwenye risasi, akampa huduma ya kwanza. Mtanzania alipona, Chitete alipigwa risasi akafa. Mei 2019, mjini New York, mjane wake alikabidhiwa nishani ya Umoja wa Mataifa ya ushujaa wa kipekee, ile yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Kigali mwaka 1994 naye akauawa huko huko.

Deni hilo ni letu. Jina lake liwekwe Mnazi Mmoja, pamoja na majina ya Watanzania waliouawa Kongo. Sanamu ya Askari pale Samora imesimama tangu 1927 na shaba yake ni nzuri, lakini haina jina la askari hata mmoja.

Maandishi kwanza. Cheo alichokuwa nacho siku aliyouawa, jina kamili, jeshi lake, nishani, tarehe ya kifo, mahali. Kosa la kila siku ni kuandika tarehe ya kutunukiwa kana kwamba ndiyo ya kufa. Nafasi tupu nayo iachwe chini ya orodha: shambulio la Desemba 7, 2017 kwenye kambi ya walinda amani ya Semuliki, huko huko Kongo, lilitangazwa kwanza kuwa limeua Watanzania 14, hesabu ya baadaye ya Umoja wa Mataifa ikawa 15. Kibao kilichojazwa hadi ukingoni hakina pa kumweka huyo wa kumi na tano.

Sasa vifaa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Hewa ya Dar ina chumvi. Bamba la shaba likifungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida, chuma ndicho huliwa, kwa sababu metali mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi ile dhaifu huharibika haraka. Kutu hushuka kama machozi ya kahawia juu ya jiwe, na bamba hulegea hadi anapokuja mtu wa vyuma chakavu. Tumia skrubu za shaba hiyohiyo. Afadhali zaidi ni graniti, herufi zichongwe kina cha milimita 3 na urefu wa milimita 20, zisomeke na mtu aliyesimama hatua tatu nyuma. Rangi peke yake bila kuchonga hufifia kwa jua. Zege la msingi lisiguswe na mchanga wa baharini: chumvi yake huozesha nondo ndani kwa ndani, nondo huvimba, zege hupasuka, na lawama humwangukia mwenye saruji.

Usafi nao una wauaji wake. Asidi ya chooni hula marumaru na saruji ya maungio. Sponji ya chuma huikwangua shaba hadi herufi zinapoteza kingo. Ule weusi au ukijani juu ya shaba mara nyingi ndio ngozi inayoilinda. Maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni laini na brashi ya nailoni vinatosha. Shaba ipakwe nta isiyo na rangi mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, ikiwa imekauka kabisa. Nta juu ya unyevu hugeuka ukungu mweupe.

Kabla fundi hajashika patasi, karatasi ya maandishi ipelekwe ubalozi wa Malawi isomwe herufi kwa herufi na kugongwa muhuri. Herufi moja ikikosewa kwenye graniti, dawa yake ni kununua kibao kingine.

Fundi wa maandishi ya mawe,
Kinondoni, Dar es Salaam