Somoe, sikio la juu sio ndewe

Somoe shosti wangu,

Meseji yako imenikuta nabangua korosho, mikono yote ina yale mafuta ya ganda, simu nilikuwa naitazama tu kwa mbali, ndo maana nimekaa kimya mpaka sa hivi, usidhani nimekususa. We umeniuliza swali moja tu, eti sikio la juu linauma sana kutoboa? Mi nakujibu barua nzima, utanisamehe, maana kama kuna mtu Mtwara hii ana haki ya kuongelea sikio la juu basi ni mimi.

Kuuma hakuumi kivile. Ni mara moja tu, chozi linakutoka, imeisha. Shida haiko siku hiyo.

Unakumbuka nilivyokuja Lindi kwenye harusi ya Mwanaidi nimejifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, mkanitania nimekuwa ustadhati? Nilikuwa naficha sikio mwenzangu. Nilitoboa kwenye kiduka kimoja cha vipodozi, dada wa watu mzuri tu, ila alitumia ile bunduki ya plastiki ya kutogea watoto, na mimi sikujua kitu, nikajua sikio ni sikio. Kumbe ile bunduki haikati, inasukuma kipini butu kwa nguvu mpaka kitokee upande wa pili. Huku chini kwenye ndewe ni nyama laini na mafuta, inavumilia. Kule juu kuna gegedu, ule mfupa laini unaokunjika, ukiipigiza hivyo inaweza ikapasuka ndani kwa ndani na wala usione. Tena zile bunduki nyingi haziwezi kuchemshwa kwenye mashine kama vyombo vya hospitali kwa sababu zitayeyuka, zinafutwa tu na spiriti, anafuata mwingine.

Wiki ya kwanza poa. Ya pili likaanza kuwasha, na kila anayepita anakuwa daktari, "izungushe hiyo hereni isishikane na nyama", mi nazungusha asubuhi, nazungusha jioni, kuna siku nimezungusha natoka kubangua, mikono nimeosha juu juu tu. Najua, usinitukane. Siku ya kumi na kitu naamka sikio limevimba, linang'aa, lina moto, hata upepo wa feni unaliumiza. Lakini ndewe yenyewe hapa chini imetulia kabisa kama haimjui jirani yake. Hiyo ishike kichwani, nitairudia.

Nikaenda duka la dawa, nikapewa amoksilini, nimemeza siku tano usaha unazidi tu, wa kijani kijani hivi. Ndo nikaenda hospitali. Daktari kabla hajasema neno akanibonyeza ndewe, akauliza hapa panauma? Nikasema hapana. Akapanda juu kidogo tu, nikaruka kwenye kiti. Akasema basi huo ndo ugonjwa wenyewe, ungekuwa wa ngozi tu ungeshuka mpaka chini, ila huu umekaa kwenye gegedu na chini hakuna gegedu, kwa hiyo umeishia hapo mpakani. Na yule mdudu anayependa kuingia kwenye gegedu iliyotobolewa, jina lake Pseudomonas, anapenda sana sehemu za majimaji, na amoksilini haimfanyi kitu. Siku zangu tano zote nilikuwa nakunywa maji ya chumvi tu shosti. Akanitoa hereni, akapasua kidogo kukamua usaha, akaniandikia sipro, yaani ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria. Usije ukaenda kuinunua mwenyewe kichwa kichwa, inataka daktari akuone kwanza.

Af akanichorea kwenye mgongo wa kadi yangu. Shika sikio lako sa hivi, likunje mpaka ncha ya juu iguse ndewe, uliachie. Limerudi eeh? Ile gegedu ina nyuzi kama mpira ndani yake, ni jamii moja na kile kifuniko cha kooni kinachozuia wali usiingie njia ya hewa, ndo maana inakunjika na kurudi, unalalia usiku kucha na asubuhi liko vilevile. Ila haina mishipa ya damu. Hata mmoja. Inakula kwa kunyonya kutoka kwenye kale kangozi kembamba kalikoibana pande zote. Sasa usaha ukiingia katikati ya kangozi na gegedu, gegedu inakosa chakula, inakufa, na ikishakufa hairudi, panabaki kovu tu linalojikunyata. Ndo mana ukingo wa sikio langu la kushoto una kibonde, limekaa kama korosho iliyoungua. Mi nimeshalizoea, ila wakati wa kusuka sisuki tena mtindo wa kupandisha nywele zote juu.

Na sio usaha tu. Issa mdogo wangu si unajua anacheza ngumi, kuna siku karudi sikio limejaa kama andazi, laini, ukilibonyeza linabonyea, yeye anacheka anasema ni nundu tu litanywea. Kwa sababu nilishafundishwa nikamburuza siku ileile, wakavuta damu, wakamfunga sikio kwa kulikandamiza damu isijae tena. Damu ikikaa hapo kwa siku kadhaa ni yaleyale tu, gegedu inakosa chakula, sikio linajikunja linakuwa gumu. Umewahi kuona wale wacheza mieleka masikio kama koliflawa? Hivyo hivyo. Issa sa hivi sikio lake zuri kuliko langu, na ananikumbusha.

Bi mkubwa wa Mikindani nilimsimulia yote haya akanicheka. Yeye alitogwa kwa mwiba wa mlimau, akapitishwa uzi uliopakwa mafuta, matundu yamepanda mpaka juu, anasema mbona sisi tulipona bila hospitali? Nikamuuliza, katika wenzako masikio ya wangapi yalikunjamana? Akanyamaza kidogo, akaanza kuhesabu kwa vidole, alipofika wa tatu akabadilisha mada.

Haya, sasa kama bado unataka. Utafute mtu wa sindano, ile yenye tundu katikati, inatolewa kwenye pakti mbele ya macho yako na ikishatumika inatupwa. Hereni ya kwanza iwe ya madini ya titani, hivi vya rangi rangi vya sokoni vina nikeli na nikeli inawasha watu wengi, tena kijiti chake kiwe kirefu kidogo maana sikio lazima livimbe mwanzoni. Ndewe inapona wiki sita mpaka nane, huko juu hesabu miezi sita mpaka mwaka, na linakudanganya, nje linakauka ndani bado bichi. Kusafisha ni maji ya chumvi ya hospitali, yale wanayauza duka la dawa kwa jina la normal saline, mara mbili kwa siku, basi. Spiriti hapana, inaunguza nyama mpya. Usizungushe. Usiogelee baharini mpaka lipone, najua kwako ni adhabu. Usilalie upande huo, mi nilikuja kugundua ule mto wa shingo wa kwenye mabasi ya Dar, ukiulalia sikio unaliweka kwenye lile tundu la katikati, halijagusa chochote. Na mtandio uwe unauvua kwa mkono mmoja umeshika sikio, wangu ulinasa mara mbili, niliona nyota mchana.

Likivimba juu mpaka linang'aa, lina moto, linauma, na ndewe ikabaki salama, siku hiyohiyo hospitali. Ndo ile niliyosema nitairudia.

Lakini Somoe, yote hayo nimeandika ila kuna kitu kimenikaa tangu nisome meseji yako. Lile kovu lako la begani. Lilianza kakidonda kadogo ulivyojikwaruza na bati, sa hivi limevimba limevuka hata mpaka wa kidonda chenyewe, na mama yako analo kifuani, sivyo? Hiyo ni keloidi, na sikio ni moja ya sehemu inazozipenda sana. Ukikata inaweza ikaota tena kubwa kuliko ya kwanza. Mi kibonde changu kimetulia, kwako linaweza likawa nundu linalokua kila mwaka. Kwa hiyo mi ningekuwa we nisingetoboa, wala sio kwa sindano wala kwa nini, na shughuli yenyewe unayotaka kutobolea ni ya siku moja tu.

Ndo mana leo nimepita sokoni nimekununulia hereni za kubana, zinavaliwa hapohapo juu kwenye ukingo, hazina tundu, mbili za dhahabu feki na moja ina kamnyororo kanakoshuka mpaka kwenye ndewe. Nimejaribu ile ya mnyororo kwenye sikio langu bovu ikakaa vizuri mpaka nikatamani nibaki nayo. Nakutumia na basi la kesho asubuhi, zimo kwenye kopo la korosho, korosho ni za mama. Ukizivaa zisikubane mpaka pakafa ganzi, na ukirudi nyumbani zitoe. Na piga picha, ya upande.

Wako,
Hadija