Shukrani kwa kaka wa pale steshenari

Kaka sijui jina lako ila kama unasoma hii ujue nimekushukuru toka moyoni. Tachipadi ya laptopu yangu, ile sehemu ya kupitisha kidole kusogeza mshale, ilikuwa imegoma kabisa, mshale hausogei, kubonyeza ndo haibonyezeki, fundi akasema ni draiva, yaani programu inayoiendesha, akatoa akaweka upya, wapi. Wewe ulikuwa umesimama zako foleni ya fotokopi, ukaomba uione, ukapitisha kidole pembeni ya tachipadi ukaniambia dada cheki hapa imenyanyuka, hii betri imevimba inaisukuma kwa chini, zima sasa hivi na usiichaji tena. Kufungua mfuniko jamani, betri imetuna kama mto! Ukanieleza betri za lithiamu zikichakaa zinajaza gesi ndani, ukiitoboa au kuikandamiza inaweza kuwaka moto, ndo maana uliitoa taratibu mno bila kuichokonoa na bisibisi. Tachipadi ikarudi usawa wake, tukawasha kwa chaja tu na mshale ukatembea. Hela ukakataa. Hiyo laptopu inalala chumba kimoja na mimi na mwanangu, nikiwaza hilo naishiwa maneno. Betri mpya nimeshaweka. Mungu akuzidishie kaka, na ukipita tena pale uliza, wananijua, chakula chako cha mchana kipo.