Mrushaji apimwe na warushaji wenzake

Ndugu Mhariri,

Tangu watoto wa Lugazi wacheze Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, mwaka 2012, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika, besiboli imepata nafasi kwenye kurasa za michezo hapa Uganda, na takwimu zimefuata. Kuna hesabu moja inayopotoshwa kila mara: asilimia ya ulinzi ya mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira), yaani sehemu ya mipira aliyoishughulikia bila kukosea, inawekwa kando ya wastani wa ligi nzima, kisha mtu anaitwa mzembe.

Wastani wa wachezaji wote katika ligi kuu ya Marekani ni kama 0.984. Unainuliwa na walinzi wa besi ya kwanza, ambao kazi yao kubwa ni kupokea mipira waliyotupiwa, na makecha, wadakaji wa nyuma ya mpigaji, ambao karibu kila straikauti (mpigaji kutolewa kwa straiki tatu) huandikwa auti yao. Warushaji peke yao huwa karibu 0.955. Mchukueni Greg Maddux, mrushaji wa zamani wa ligi hiyo: auti (kumtoa mpinzani) 546 alizokamilisha mwenyewe, asisti (kumpa mwenzake mpira akakamilisha auti) 1,194, makosa 53. Auti na asisti ni 1,740. Gawanya kwa 1,793, yaani pamoja na makosa, upate 0.970. Kwa kipimo cha ligi nzima angeonekana dhaifu, na huyu ndiye mwenye tuzo 18 za Gold Glove, za mlinzi bora wa kila nafasi, ambazo hakuna mchezaji wa nafasi yoyote aliyezifikia.

Hata hivyo asilimia peke yake haitoshi, kwa sababu asiyeufikia mpira haandikiwi kosa. Ndiyo maana tunazidisha auti na asisti kwa 9, idadi ya iningi za mechi, tukagawanya kwa iningi alizorusha (kila iningi ni auti tatu). Maddux, kwa iningi 5,008, anapata 3.13, mrushaji wa kawaida hazidi 2 sana. Siri yake ilikuwa miguuni: alimaliza kurusha akiwa amemkabili mpigaji, miguu sambamba, glavu mbele ya kifua. Anayeangukia pembeni baada ya kurusha hana nafasi ya kujipanga, maana mpira uliopigwa kwa nguvu humrudia chini ya nusu sekunde.

Lakini kipimo hiki nacho kina mtego. Nolan Ryan, mrushaji mwingine wa ligi hiyo, alitoa straikauti 5,714 kwa iningi 5,386, zaidi ya theluthi ya auti zote. Auti hizo zilikwenda kwa kecha, na mrushaji hapati asisti kwa straikauti ya kawaida. Basi ondoeni kwanza auti za straikauti kwenye iningi zake, ndipo mlinganishe. (Asilimia ya Ryan, 0.895, ni jambo jingine, hapo hatumtetei.) Wala tuzo si ushahidi: mwaka 1969 mrushaji Jim Kaat alifanya makosa 8 katika nafasi 46 (jumla ya auti, asisti na makosa), sawa na 0.826, na bado akapewa Gold Glove. Nadhani walipigia kura jina.

Kwa vijana wetu tatizo kubwa ni uchache wa mipira. Mwenye nafasi 9 msimu mzima akikosea mara moja tu anashuka hadi 0.889. Msimu mmoja hausemi kitu, jumlisheni miaka. Mechi za watoto wa Little League ni iningi 6, kwa hiyo zidisheni kwa 6 badala ya 9, wala msiweke jibu hilo kando ya la watu wazima.

Angalieni pia makosa yametoka wapi. Mengi ya mrushaji ni ya kutupa: ameukimbilia mpira ulioguswa kidogo tu na gongo, akautupa besi ya kwanza kabla miguu haijatulia. Mengine hutoka kwenye kumvizia mkimbiaji aliye besi. Mpira ulioruka vibaya kwenye murram si kosa la mtu, lakini viwanjani kwetu huandikwa kosa mara nyingi mno.

Na kuna auti ambazo hazipatikani kwa sababu mrushaji hakuondoka mahali pake. Mpira ukipigwa upande wa besi ya kwanza, mlinzi wa besi hiyo akaufuata, mrushaji hukimbilia mstari wa mkimbiaji mita 3 au 4 kabla ya besi, kisha hufuata mstari kwa ndani, apokee mpira na kukanyaga ukingo wa ndani kwa mguu wa kulia. Akichelewa, mpigaji anafika salama, na kwenye karatasi ya alama mrushaji haandikiwi chochote.

Tunaomba basi, mnapochapa jedwali la mrushaji, muweke auti, asisti, makosa, iningi na straikauti, na kando yake wastani wa warushaji wa ligi hiyohiyo, miaka hiyohiyo.

Watunza alama za besiboli,
Kampala